Unga wa Manjano na Uzi Mweupe

Mimi ni mtu wa mdomo. Mama yangu alilisema hilo nikiwa bado msichana, kule kwetu kando ya ziwa Tshangalele, kila aliponituma kupeleka samaki kwa watu nikarudi na habari za nyumba nne. Alisema ulimi wangu utanitangulia kila niendako, na mimi nitakuwa nafika nyuma yake kuomba radhi. Sasa nimezeeka, meno yamepungua, mdomo haujapungua hata kidogo. Lakini kuna neno moja nililolisema Panda, kwenye bomba la maji, mwaka wa pili tangu jimbo letu la Katanga lijitenge na Kongo, ambalo nikilikumbuka naacha kazi niliyoishika na kukaa chini.

Panda ya siku zile naipenda mpaka leo, na asiyependa nisemavyo aende akapende ya kwake. Nyumba za kampi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba zilipangwa mistari iliyonyooka, kila mistari miwili na bomba lake, ambalo sisi tuliita robine. King'ora cha kiwanda kilituamsha, kikatuambia saa ya kuweka maji motoni, kikaturudishia waume zetu. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa, mtoto mmoja mgongoni na wa pili tumboni. Mume wangu alifanya kazi katika maabara ya kiwanda, labo, akipima mawe kujua shaba ni kiasi gani na kobalti ni kiasi gani. Mashati yake yalikuwa na vitundu vidogo vilivyochomwa na asidi. Wanawake wengine waliringa kwa vitenge vipya, mimi niliringa kwa vile vitundu, maana vilionyesha kwamba wangu hashiki sepetu. Niliyaanika mashati yale upande wa barabarani ili wapitao wayaone.

Alasiri tulikwenda fwaye, nyumba ambamo masista waliwafundisha wanawake wa kampi kushona, kupika supu ambazo hakuna mume aliyezitaka, na kufuma sufu. Ukiniuliza sufu ya nini katika joto la Oktoba, basi hukuwajua masista wetu. Mtoto wa kampi alipaswa kubatizwa akiwa na kofia ya sufu nyeupe na soksi za sufu nyeupe, na maskini alitoka jasho hata kabla padri hajamgusa na maji. Tulizipenda nguo zile. Tulishindana nani ana nyeupe zaidi, na kila mama alikuwa na kifuko chake cha buluu ya kufulia, kile unachokitumbukiza katika maji ya mwisho ili nguo ing'ae. Hakuna kitu cheupe Panda ambacho hakikupita katika maji hayo. Hata mapazia ya kanisa yalipita.

Pale fwaye nilikaa siku zote karibu na jirani yangu. Yeye na mume wake walikuwa watu wa jimbo la Kasai, na nyumba yao na yetu zilishikana ukuta mmoja. Alinizidi umri kama miaka kumi, kwa hiyo nilimwita yaya, dada mkubwa, na yeye aliniita mudogo yangu. Baba yake aliletwa zamani kufanya kazi ya mgodi, naye alizaliwa humuhumu Panda. Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Mume wake alikuwa karani wa ghala, mtu wa kalamu mbili mfukoni na maneno machache mdomoni. Ni yeye, yaya, aliyenifundisha kugeuza kisigino cha soksi, jambo ambalo sista alinifundisha mara tano nikaambulia mfuko wa kuwekea vitunguu.

Tulitaniana sana. Alisema sisi wa ziwani tunanuka samaki hata siku ya harusi. Mimi nilisema watu wa kwao wanapenda shule kiasi kwamba wanaweza kumwandikia mbuzi barua wakangoja majibu. Ulikuwa utani wa kila siku, haukumuumiza mtu. Ila mwaka ule hewa ilibadilika. Katanga ilikuwa na bendera yake, pesa zake na redio yake, na redio ilizungumza kila siku habari za wenyeji na wageni. Wanaume waliokuwa wakicheza karata pamoja baada ya zamu wakaanza kurudi kila mmoja kwake. Familia za Kasai zilianza kuondoka, leo mbili, kesho tatu, kwa lori mpaka Elisabethville na kutoka huko kwa treni. Kampi iliweka liste, orodha ya majina, kwa wanaotaka kwenda, na ukiandika jina lako nyumba yako inapewa mtu mwingine.

Mume wa yaya alitaka kuandika. Yaya hakutaka. Aliniambia waligombana juu ya jambo hilo mpaka wakafikia mapatano: watabaki, lakini siku watu watakapowatolea neno baya, neno moja tu, mume atakwenda kuandika majina na yeye hatamzuia. Aliponieleza hayo alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na aliendelea kuchambua. Alisema amezaliwa Panda, wazazi wake wamezikwa Panda, na huko Kasai hajui hata njia ya kwenda kisimani.

Sasa unga. Bukari yetu, yaani ugali, ilikuwa nyeupe tangu nizaliwe. Mwaka ule unga mweupe ulipungua kwa sababu ya vita vilivyofuata kujitenga, na wanawake walianza kuamkia foleni. Ndipo kaka wa yaya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli, alipomletea magunia mawili ya unga kutoka upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka. Ulikuwa wa manjano, manjano ya kiini cha yai. Hatukuwahi kuuona. Yaya alianza kuuza kwa kopo mlangoni kwake, na mwingine kidogo aliutumia kukaanga mikate akawauzia wanaume waliotoka zamu. Mimi niliula siku ya kwanza na nikaupenda, ulikuwa na utamu kwa mbali.

Jumanne moja asubuhi alikuja kwenye robine na bakuli la unga ule, awaonyeshe wanawake ambao walikuwa bado hawajanunua. Tulikuwa kama saba au wanane. Waliuchota kwa vidole, wakaunusa, wakatazamana. Na mimi, kwa kuwa kulikuwa na watu wa kunisikiliza, nikasema:

"Yaya, hii bunga ulisaga ku Shinkolobwe?"

Kila mtu alicheka. Hapa sina budi kueleza kwa nini, maana kicheko chenyewe ndicho kosa. Shinkolobwe ni mgodi ulio karibu na mji wetu, uliofungwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Wanaume waliofanya kazi kule walisimulia juu ya jiwe la manjano ambalo Wazungu hawakulishika kwa mikono mitupu, na ilisemwa kwamba kutoka katika jiwe hilo lilitengenezwa bomu lililochoma miji ya watu mbali kabisa. Hatukujua zaidi ya hapo. Tulijua rangi yake na tulijua kwamba inaua. Kwa hiyo nilikuwa najua ninachosema, na ndiyo sababu kilichekesha.

Yaya alicheka kuwashinda wote. Akakubali, huku anafunika bakuli lake: "Njo vile. Na dawa niliongeza, juu ufunge mudomo."

Dawa. Kwetu neno hilo moja linabeba mizigo mingi mno. Kidonge cha hospitali ni dawa. Rangi ya kuchovya nguo ni dawa, unga wa kuua wadudu ni dawa, na kitu ambacho adui anakizika mlangoni kwako usiku ni dawa pia. Yaya alisema neno hilo kwa utani mbele ya wanawake wanane, kila mmoja akaenda nalo kwake na maana aliyoipenda.

Alhamisi mtoto wa nyumba ya tatu alitapika kutwa nzima. Mama yake alikuwa amenunua makopo mawili. Baadaye ilijulikana kwamba mtoto huyo na wenzake walivamia mapera mabichi nyuma ya shule, lakini baadaye haina faida. Kufika Jumapili, tukitoka misa, nilisikia habari kamili: yule mwanamke wa Kasai anatia dawa ya Shinkolobwe ndani ya unga ili awamalize watoto wa Katanga. Aliyeniambia ni mwanamke ambaye alikuwapo robine na alinisikia kwa masikio yake mwenyewe, akacheka. Nilimtazama nikidhani atanikumbusha kwamba ni mimi niliyeanza. Hakukumbuka. Neno langu lilikuwa limekwisha kuwa la watu wote.

Nami nilinyamaza. Sitajitetea, lakini nitasema nilivyojisikia: niliogopa. Siku zile aliyemtetea mtu wa Kasai aliulizwa yeye ni wa nani. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Na kulikuwa na aibu, ambayo ni nzito kuliko woga. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema nilikwenda nyumbani nikafunga mlango.

Jumatatu mtu alipindua beseni la mikate ya yaya barabarani. Mkuu wa kampi, Mzungu aliyependa mambo yaandikwe, alikuja na polisi wawili wa kampi wakachukua gunia. Alimwambia mume wa yaya kwamba unga utapelekwa labo. Ukikutwa na kitu, familia itatoka nyumbani wiki hiyohiyo. Usipokutwa na kitu, atasoma karatasi mbele ya watu na mambo yataisha. Mume wa yaya aliitikia kwa kichwa, akakubali kungoja majibu ya labo kabla ya kuandika majina. Yaya alisimama mlangoni, na nilipopita alinisalimu kama kawaida.

Kazi ilimwangukia mume wangu. Jiwe halikumpa shida, kupima mawe ndiyo ilikuwa riziki yao, na asubuhi moja ilitosha kuonyesha kwamba ndani ya unga hamna hata chembe ya mgodi. Lakini mkubwa wake wa labo, Mzungu mzee mkavu aliyekuwa na kabati zima la vitabu vya kemia, hakuridhika. Alisema kwao Ulaya aliwahi kuona wafanyabiashara wakitia rangi za nguo kwenye unga uliochacha na kwenye tambi, ili zionekane zina mayai. Rangi hizo zinatengenezwa kiwandani, na nyingine ni sumu. Akamwamuru mume wangu atafute rangi.

Mume wangu hakuwahi kupima chakula. Siku ya kwanza alifanya alivyozoea kwa mawe: alichukua unga, akatia maji na asidi kidogo, akachemsha. Mkubwa wake alipokuja kutazama alikuta chombo cha kioo kimejaa uji. Alimwambia kwamba ameajiriwa kupima, mke wake ndiye wa kupika. Labo nzima ilicheka, na mume wangu alinisimulia akiwa amenuna, na mimi pamoja na uzito wote niliokuwa nao moyoni nilicheka mpaka nikashika tumbo. Hapo ndipo alipofungua kitabu. Wanga ukipata moto unavimba na kuficha kila kitu, kwa hiyo rangi lazima itolewe kwa spiriti ya baridi, unga uachwe utuame, na maji ya juu yamiminwe polepole. Kisha unachemsha maji hayo na asidi kidogo, na ndani yake unatumbukiza uzi wa sufu nyeupe.

Alinieleza kwa furaha, kama alivyokuwa siku zote alipojifunza kitu. Rangi ya kiwandani inapenda sufu, inang'ang'ania. Unauosha uzi, inabaki. Unaiondoa kwa amonia, unatia uzi mwingine mpya, inahamia huko nayo inang'ang'ania tena. Lakini rangi ambayo Mungu mwenyewe ameiweka ndani ya punje haishiki hivyo. Itaugusa uzi wa kwanza kidogo, uzi wa pili utatoka mweupe. Nilipenda jambo hilo. Nilifikiri, hata leo nafikiri, kwamba ni vizuri kuwa na kipimo kinachoulizwa mara mbili.

Labo ilikuwa na asidi za kila aina, ila sufu haikuwa nayo. Kwa hiyo aliniomba mimi. Nilikuwa na sufu za namna mbili. Kulikuwa na soksi za ubatizo za mtoto wetu wa kwanza, na kulikuwa na shali niliyokuwa nikimfumia huyu wa tumboni, bado ipo kwenye sindano, ya uzi mpya mzuri ambao sista alinipa mimi peke yangu. Nikampa soksi. Niliona uchungu kuigusa shali.

Jumatano alirudi akakaa bila kuvua viatu. Uzi ulitoka na rangi. Si manjano, rangi ya buluu inayoelekea kijani, hafifu lakini ipo, na haikutoka kwa kuoshwa. Mkubwa wake alitikisa kichwa akasema, rangi hiyo hapo. Mume wangu alimwomba siku moja zaidi kabla ya kuandika. Lakini labo ina wafagiaji na wafagiaji wana wake, na kabla ya king'ora cha jioni mstari wetu wote ulikuwa unajua kwamba imeonekana. Nilisikia kupitia ukutani mume wa yaya akizungumza kwa sauti ya chini muda mrefu, kisha mlango ukafunguliwa, na hatua zake zikaenda kuelekea ofisi ya kampi.

Alhamisi mume wangu alifanya jambo ambalo kwalo nitamheshimu mpaka nife. Alikata kipande kingine cha soksi akakichemsha katika maji na asidi peke yake, bila unga wowote. Kikatoka buluu ileile. Saa sita alikuja nyumbani mbio, uzi umeviringishwa katika karatasi, akaniuliza kabla hajaniamkia:

"Ile soksi, unafulaka na nini?"

Nilikwenda nikachukua kifuko cha buluu dirishani nikamwekea mkononi. Alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, kisha kicheko kikamwishia.

"Natafuta dawa mu bunga ya bantu," alisema, "na dawa iko mu nyumba yangu."

Alikuwa anasema juu ya kifuko. Mimi nilianza kulia, naye hakuelewa, akadhani ni habari ya soksi. Basi nikamweleza yote, Jumanne, bakuli, Shinkolobwe, kicheko. Wakati nasema nilitoa kwenye sindano ile shali, ambayo haikuwahi kuguswa na maji, nikaanza kuifumua, mstari kwa mstari, maana katika Panda nzima huo ndio uzi mweupe pekee niliokuwa na hakika nao. Aliupokea na kuuzungusha kwenye vidole vyake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye anaweza kupima unga, lakini neno linarudishwa na aliyelitoa, palepale alipolitolea. Nikamwambia kesho. Na kesho yake, Ijumaa, nilikwenda kuchota maji nikarudi na maji tu.

Ijumaa hiyo alipima upya. Na kwa kuwa alikuwa ameumwa na nyoka sasa anaogopa hata ung'ong'o, alipima vitu vitatu sambamba: unga wa yaya, unga mweupe wa kwetu nyumbani, na unga mweupe mwingine alioutia yeye mwenyewe rangi ya manjano ya nguo iliyonunuliwa sokoni. Uzi wa huo wa mwisho ulitoka manjano kali, na wa pili baada yake vilevile. Nyuzi za unga wa yaya zilibaki nyeupe, na za unga wetu nyeupe. Mkubwa wake alizitazama dirishani kwa muda mrefu, akaandika karatasi kwa mkono wake na kutia sahihi.

Jumamosi asubuhi mkuu wa kampi alikuja kwenye robine. Watu walijaa, wanaume kwa wanawake. Karani wake alisoma Kifaransa, hakuna rangi ya kutengenezwa, hakuna madini, kisha mume wangu akaitwa aeleze kwa lugha ya watu. Alieleza vizuri. Aliinua kadi yenye nyuzi zimefungwa, akasema ipi ni ipi. Watu walisogea kutazama, na nilianza kupumua. Ndipo mama wa yule mtoto aliyetapika akauliza, bila ubaya, akitaka kweli kujua:

"Na dawa? Iko na dawa ao haina?"

Mume wangu ni mtu asiyesema asichokipima. Alisita, akasema kwamba rangi ameitafuta hakuipata, jiwe la Shinkolobwe amelitafuta hakulipata, lakini dawa, hajui mama anauliza dawa ipi. Nikasikia minong'ono inaanza nyuma. Kazi yote ya asidi na spiriti na nyuzi ilikuwa inazama katika neno hilo moja. Nilimwona yaya amesimama karibu na ukuta, mikono imekunjwa, haangalii watu.

Nikaweka ndoo chini.

"Neno ya Shinkolobwe ni miye njo nilisema," nikawaambia. "Hapa, Jumanne ile ingine. Ilikuwa ya kucheka, na yeye alijibu ya kucheka, na mulikuwa hapa, mulicheka bote. Dawa hakuna. Ni mudomo yangu."

Hakuna aliyenipiga. Mama wa mtoto alinitazama tangu kichwa mpaka miguu, akasema ningesema mapema angelala usingizi wiki nzima, akainua ndoo yake akaenda. Wengine walitazama chini, kwa sababu kweli walikuwapo. Mkuu wa kampi alimpa mume wangu karatasi aibandike au ampe mwenye unga, akaondoka. Kabla ya saa nne wanawake wawili walikwisha kugonga kwa yaya na makopo yao. Niliona hilo kwa macho yangu, na moyo wangu ukawa mwepesi, nikaichukua karatasi kutoka kwa mume wangu ili nimpelekee yaya mwenyewe.

Nilimkuta anafunga sahani kwa magazeti. Kitanda kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Watoto wake walikuwa wamekaa juu ya sanduku la bati. Nilisimama mlangoni nikamuuliza anafanya nini, karatasi iko safi, imekwisha, watu wananunua.

Alisema mume wake aliandika majina Jumatano jioni, siku ile ya buluu. Nyumba ilipewa watu wengine jana. Lori lingekuja Jumatatu. Alisema yote hayo akiendelea kufunga sahani, kwa sauti ya kunielekeza namna ya kufuma.

Nikamwambia nitakwenda kwa mkuu wa kampi, nitapiga magoti. Akatikisa kichwa. Mume wake alikuwa amepiga magoti asubuhi ileile, mara tu baada ya karatasi kusomwa, mtu yule ambaye sikuwahi kumwona hata ameinama. Liste ilikuwa imekwisha kutumwa Elisabethville.

Nikaanza kuomba radhi. Maneno yalikuwa mengi, sikumbuki hata moja. Aliyakata.

"Polisi baliniuliza Jumatatu nani alianza kusema," alisema. "Nilibambia sikumbuke. Uko na mimba, bangekupiga."

Alimaliza sahani, akazifunga kamba, akanitazama sasa, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kama ungesema mbele ya Jumatano, mudogo yangu, tungebakia."

Jumatatu nilimsaidia kubeba masufuria mpaka kwenye lori. Mume wake aliketi mbele na dereva, kalamu zake mbili mfukoni, hakunitazama na sikutegemea anitazame. Yaya alipanda nyuma na watoto. Karatasi ya labo nilikuwa nimeikunja vizuri katika bahasha, na nilipomnyooshea aliifungua, akaisoma yote mpaka kwenye sahihi, akaikunja tena na kunirudishia.

"Bakia nayo," alisema. "Kule naenda hakuna mutu anasema bunga yangu ni mubaya. Ni hapa njo nilikuwa naihitaji."

Lori lilinguruma, likazunguka kwenye robine na kushika barabara ya mjini. Wanawake walikuwa wanachota maji, wakasogeza ndoo zao lipite, kisha wakazirudisha.